Ruhusa ya Kujenga Mjini Dar es Salaam: Historia ya Sheria na Maneno Yake

Mtu anayetaka kujenga nyumba mjini hana budi kuomba kibali kwa halmashauri. Jambo hili leo laonekana la kawaida, hata ni wachache wanaouliza lilianza lini, lilianzwa na nani, na kwa kusudi gani. Makala haya yanajaribu kujibu maswali hayo kwa kuutazama mji mmoja, yaani Dar es Salaam. Mji huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, sheria yake ya ujenzi ni ya zamani, nayo imepita katika mikono ya serikali mbalimbali. Pili, wenyeji wake wamehifadhi katika lugha yao maneno ambayo ni ushahidi wa mambo ambayo sheria zenyewe hazikuyasema waziwazi.

Hoja yetu ni hii. Tangu mwanzo wake katika mji huu, sheria ya ujenzi haikuuliza kwanza kama nyumba itasimama salama. Iliuliza ni nyumba ya aina gani, na itasimama upande gani wa mji. Kwa njia hiyo, bila ya kumtaja mtu kwa kabila wala kwa rangi, ilimpangia kila mtu mahali pake. Maswali hayo mawili hayajatoweka, na mtu anayetaka kuzifasiri sheria za mipango ya miji kwa Kiswahili yampasa ayajue.

I. Kabla ya sheria iliyoandikwa

Kabla ya Dar es Salaam palikuwa na Mzizima, kijiji cha Washomvi na Wazaramo. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga mji wake mpya karibu nacho kando ya bandari. Alifariki mwaka 1870, na kazi ya ujenzi ikasimama kabla mji haujakamilika.

Katika vijiji na miji ya pwani siku zile, mtu hakujenga pasipo ruhusa, lakini ruhusa yenyewe ilikuwa ni maneno baina ya watu wanaojuana. Mgeni alipelekwa na mwenyeji wake kwa wenye mji. Wazee wakamsikiliza na kumwonyesha mahali. Mipaka ilijulikana kwa minazi, kwa miembe na kwa mashahidi. Alichotoa mgeni kilikuwa ada ya heshima zaidi kuliko bei ya ardhi. Katika miji ya mawe jirani naye alikuwa na sauti. Mfano mzuri ni wikio la Lamu, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia na kuunganisha nyumba za pande mbili. Mtu hawezi kujenga wikio peke yake, kwani ukuta wa pili ni wa mwenzake, na njia iliyo chini ni ya watu wote. Ugomvi ukizuka, hupelekwa kwa wazee au kwa kadhi, na neno linaloamua ni kama jirani amedhurika au hakudhurika.

Twaona basi kwamba swali la desturi lilikuwa juu ya watu wawili: anayejenga na anayekaa karibu naye. Mwenye kutoa ruhusa aliishi mahali pale pale, na aliyenyimwa alijua amenyimwa na nani.

Neno moja laonyesha jambo hili vizuri, nalo ni baraza. Kwa kawaida hunasibishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujitokeza, na maana yake ya kwanza katika Kiswahili ni kile kikalio cha mawe au cha udongo kilicho mbele ya nyumba, mahali pa kukaa na kuzungumza. Kutoka hapo likawa mkutano wenyewe, na kutoka mkutano likawa chombo cha utawala. Chombo kinachotoa amri juu ya nyumba za watu kilipewa jina la sehemu ya nyumba, sehemu ile iliyo wazi kwa jirani na kwa mpita njia.

II. Amri ya Wadachi

Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walifungua kituo cha kampuni yao Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka 1891 waliuhamishia hapo mji mkuu wao kutoka Bagamoyo, na mwaka uo huo wakatoa amri ya ujenzi. Amri hiyo iliugawanya mji katika sehemu kwa kufuata aina ya majengo. Upande wa mashariki kando ya bahari palitengwa kwa majengo imara ya namna ya Kizungu. Sehemu nyingine iliwekewa masharti mepesi zaidi, na nyumba za miti na udongo zikapewa mahali pake pembeni.

Yafaa tuitazame amri hii kwa makini. Haikuandika kwamba Mwafrika asikae kando ya bahari. Iliandika kwamba kando ya bahari pasijengwe nyumba ya makuti. Lakini gharama ya nyumba ya mawe na chokaa haikuwa jambo la kufikiriwa na mchukuzi wa bandarini au mvuvi. Hivyo amri juu ya ukuta na paa ilifanya kazi ya amri juu ya watu. Baadaye, katika miaka ya mwisho ya utawala wao, Wajerumani walianza kupima viwanja vya Waafrika upande wa magharibi. Vita vya 1914 vikawakuta kazi ile haijakwisha. Waingereza walipoingia, mahali pale palikaa kikosi cha wachukuzi wa jeshi, na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, katika vinywa vya wenyeji, likawa Kariakoo.

III. Sehemu tatu za Waingereza

Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Serikali iliyotawala kwa udhamini isingeweza kwa wepesi kuandika sheria inayogawa mji kwa rangi za watu. Njia ya kutumia aina za majengo ilikuwa tayari imekwisha kufunguliwa, nayo ikafuatwa. Mwaka 1924 kanuni za ujenzi zilithibitisha sehemu tatu: ya kwanza kwa nyumba za kukaa za namna ya Kizungu, ya pili kwa nyumba za kukaa na za biashara, na ya tatu kwa nyumba za wenyeji. Baina ya sehemu ya pili na ya tatu uliachwa uwanja mpana usiojengwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni afya. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilikwisha kuifanya ardhi yote ya nchi kuwa chini ya serikali, na mtu akapewa haki ya kuikalia tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini muda huo mrefu ulikuwa wa watu wa sehemu nyingine za mji. Mwenye kiwanja Kariakoo alikikalia kwa ruhusa ya muda mfupi, akilipa ada yake. Nyumba yake ilihesabiwa kuwa ya muda kwa kuwa ni ya miti na udongo. Na ilibaki ya miti na udongo kwa kuwa haki yake ya kukaa ilikuwa ya muda. Tena, sheria ya mwaka 1931 iliyozuia mikopo kwa wenyeji ilifanya iwe vigumu kwa Mwafrika kukopa kwa mtu asiye Mwafrika, hata kama nia yake ni kujenga kwa mawe. Milango yote mitatu, yaani kanuni ya ujenzi, haki ya ardhi na mkopo, ilifungwa pamoja, na kila mmoja ulitajwa kuwa sababu ya mwingine.

Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo watu walijenga nyumba yenye busara kubwa. Ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi wa katikati, uani nyuma kwa jiko na choo, na baraza mbele. Husimamishwa nguzo na fito, zikakandikwa udongo, zikaezekwa makuti, na baadaye madebe yaliyopondwa au mabati. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu katika miaka ya 1950 na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1963, ameieleza nyumba hii. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili, na vingine huwapa wapangaji. Kwa hiyo kiwanja kimoja kilikuwa makazi, akiba ya uzeeni na mlango wa riziki. Wajane wengi na wazee wengi waliishi kwa kodi ya vyumba hivyo.

Mwakilishi wa sheria ambaye watu walimjua kwa sura alikuwa bwana afya. Yeye ndiye aliyepita uani, akitazama choo, maji yaliyosimama na nafasi baina ya nyumba na nyumba. Katika neno lile bwana afya twasikia jinsi watu walivyoielewa kanuni: ilikuja ikiwa na jina la afya, ikiongozwa na bwana. Hatusemi kwamba hofu ya maradhi ilikuwa ya uongo, maana tauni na malaria zilikuwapo. Twasema tu kwamba dawa iliyochaguliwa, yaani kuwatenga watu, ilikuwa nyepesi kwa serikali kuliko kuwapelekea maji safi na mifereji.

IV. Majina ambayo sheria haikuyataja

Hapa lugha ya wenyeji inakuwa shahidi mkubwa kuliko gazeti la serikali. Sheria ilisema sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Watu wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Maneno haya yameundwa kwa njia ile ile: shina la jina la watu, kiambishi u- cha hali au mahali, na kiambishi -ni cha mahali. Muundo wake ni sahihi kabisa, na maana yake ni wazi. Lile ambalo sheria ililificha nyuma ya ukuta na paa, Kiswahili kilililitaja kwa neno moja moja.

Mpango wa mji uliotayarishwa na kampuni ya Alexander Gibb mwaka 1949 haukutumia tena namba hizo. Ulitumia wingi wa nyumba: mahali pa nyumba chache zenye viwanja vikubwa, mahali pa kadiri, na mahali pa nyumba nyingi zilizobanana. Viwanja vikubwa vikawa upande wa Oyster Bay, vya kadiri Upanga, na vidogo Ilala, Magomeni na Temeke. Hivyo ramani mpya ilikuwa na maneno mapya, lakini mtu aliyejua Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hakupotea njia. Hata leo, mwananchi akinunua kiwanja kilichopimwa huambiwa kwamba ni cha msongamano mdogo, wa kati au mkubwa. Maneno hayo sasa hupima fedha wala hayapimi rangi, lakini nasaba yake ni hiyo.

Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipata Baraza la Manispaa, na mwaka 1956 ikatungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji iliyoweka ulazima wa kuomba idhini kabla ya kuendeleza ardhi katika eneo la mpango. Sheria hiyo iliyotungwa katika siku za ukoloni ilitumika kwa miaka zaidi ya 50, hadi ilipofutwa kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007.

V. Baada ya Uhuru

Mji ulipewa hadhi ya jiji Desemba 1961. Serikali mpya ilikuwa na nia ya kufuta aibu ya nyumba za udongo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika Magomeni na mahali pengine nyumba za miti na udongo zilibomolewa ili zijengwe za matofali. Nia ilikuwa njema, lakini msingi wa hukumu ulikuwa ule ule wa zamani: nyumba iliyohukumiwa kwa udongo wake. Kila iliyojengwa ilihitaji moja iliyobomolewa, na watu waliohamia mjini hawakungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliacha njia hiyo, ikakubali kwamba makazi yaliyojengwa bila kibali ni mali ya watu, nayo yafaa yatengenezwe kuliko kuvunjwa. Tangu mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa na kupelekewa huduma katika Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na makazi ya zamani kama Manzese yakapelekewa barabara na maji.

Lakini wakati huo huo mabaraza ya miji yalifutwa, na yule aliyepaswa kupokea maombi ya kujenga akaondoka mahali pake. Sheria ya muda ya mwaka 1978 iliyarudisha, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 ikayapa msingi wake wa sasa. Katika miaka ile ya kati mji haukuacha kukua. Watu walijenga kwa shauri la mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wa mtaani. Yaani walirudi kwenye njia ya wenye mji wa zamani, kwa kuwa njia ya serikali ilikuwa haina mtu.

Siku hizi mwombaji hupeleka katika halmashauri fomu yake, uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, na michoro ya nyumba. Na ikiwa ni ghorofa, michoro ya mhandisi pia. Michoro husomwa na afisa mipango miji, afisa ardhi, mhandisi, afisa afya na, inapohitajika, watu wa zimamoto. Kila mmoja huandika maoni yake ndipo kibali kitolewe. Utaratibu huu ni mzuri. Shida yake ni kwamba unamfikiria mtu mwenye hati, mwenye mchoro uliokamilika, na mwenye fedha za kumaliza katika muda uliowekwa. Mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam hujenga kwa namna nyingine: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta za chumba kimoja, na paa akijaliwa. Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopimwa, na wengi wao hawakuweza hata kufika mlango wa kwanza, kwa kuwa hawana hati.

Kwa ajili yao Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka leseni ya makazi, ambayo tangu mwaka 2004 imetolewa kwa wingi Dar es Salaam. Ni faida kubwa kwa mwenye nyumba kuandikwa na kutambuliwa. Lakini msomaji wa historia hawezi kutoona kwamba hati ya kawaida yaweza kufika miaka 99, na leseni ya makazi ni ya miaka michache yenye kuongezwa. Mgawanyo wa zamani kati ya nyumba ya kudumu na nyumba ya muda umebaki katika karatasi, ingawa ukuta sasa ni wa matofali ya saruji pande zote mbili. Na wakazi wa bonde la Msimbazi, ambao nyumba zao ziliandikwa alama ya X na kubomolewa kuanzia Desemba 2015, walijifunza kwa uchungu nini maana ya kujenga mahali pasiporuhusiwa. Bonde lile ni la mafuriko kweli. Lakini mtu aliyejenga kwa miaka mingi bila ya kuzuiwa aliamini kwamba kimya cha serikali ni ruhusa.

VI. Juu ya maneno

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kufasiri ni kubwa, na maneno ya ujenzi na mipango yastahili kuangaliwa kwa utulivu.

Ruhusa na idhini, yote mawili ya asili ya Kiarabu, yana maana ya kuachiwa kufanya jambo. Kibali si hivyo hasa. Limetoka katika ukoo mmoja na kukubali, na maana yake ya zamani ni kupendezwa na mtu, kama tusemavyo kwamba fulani amepata kibali machoni pa mkubwa wake. Ndilo lililoshinda katika ofisi. Anayeomba kibali cha kujenga, kwa maana ya neno lenyewe, anaomba apendeze. Twadhani si bahati tu kwamba wananchi wengi huliona jambo hili kuwa hisani ya afisa, wala hawalioni kuwa haki ya mtu aliyetimiza masharti.

Ramani ni neno la mabaharia. Asili yake ni Kiajemi, nalo lilipita katika Kiarabu likiwa jina la kitabu cha kuonyesha njia baharini. Lilikuwa la kumfikisha msafiri salama; sasa ni karatasi inayomwambia mtu kama nyumba yake ipo au haipo.

Kupanga nalo lina pande mbili. Mwenye mji hupanga mji, na asiye na nyumba hupanga chumba. Mpangaji ni huyo na huyo. Mfasiri akiandika haki za mpangaji bila ya kueleza, hakimu atauliza ni yupi.

Mwisho ni neno kudumu. Kwa sheria za zamani nyumba ya kudumu ilikuwa ya mawe. Lakini nyumba za udongo za Kariakoo zililea watoto na wajukuu, na nyingi ziliishi kuliko serikali zilizoziita za muda. Kinachodumisha nyumba ni uhakika wa mwenyewe kwamba hataondolewa. Akiwa nao, atatengeneza paa kila likivuja.

Tumalizie kwa jambo lililo zito. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 ghorofa jingine lilianguka Kariakoo, mahali pale pale ambapo zamani wenyeji walikatazwa kujenga kwa mawe, na watu wakafa tena. Majengo hayo yalikuwa ya aina ambayo sheria ya mwaka 1891 ingeyasifu: imara kwa sura, ya gharama, na katikati ya mji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa zaidi ya miaka 100 tumekuwa na sheria iliyo hodari kumtambua mtu asiyestahili kujenga mahali fulani, na dhaifu kuutambua ukuta usiostahili kusimama. Wazee wa Mzizima hawakuwa na mhandisi, lakini walianza na swali ambalo kibali cha leo chapaswa kulirudia: jengo hili litamdhuru nani?